Risasi Zilizolala Kwenye Mawese

Nilifika Mpanda na daftari la kurasa mia mbili la masomo ya chuo cha wanyamapori, na kwa maoni yangu halikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Nilishuka kwenye treni na vumbi la behewa la daraja la tatu, nikaenda moja kwa moja kuripoti ofisi ya wanyamapori, na kabla sijaonyeshwa pa kulala nilikuwa nimeshamsahihisha karani kuhusu namna ya kupanga maboksi ya risasi. Karani alinitazama, akaniuliza kama nimekula.

Wananchi walituita mabwana nyama. Jina hilo lilinikera sana. Mimi nilijiona mtaalamu, nina cheti, na cheti chenyewe nilikuwa nimekitia ndani ya nailoni mbili ili mvua ya Katavi isije ikakifuta. Mtu akiniita bwana nyama nilimrekebisha papo hapo. Baada ya miezi miwili hivi kituoni, watoto wa mtaa wangu walikuwa wakinisalimia kwa pamoja, "Shikamoo mtaalamu," halafu wanakimbia wakicheka.

Katika daftari lile, sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuchagua risasi. Niliipigia mistari ya rangi mbili. Risasi laini, ile yenye ncha inayotanuka ikishaingia mwilini, ni ya nyamera na pofu, mahali pa wazi, kiangazi, nyasi zikiwa zimeshaungua. Risasi ngumu, iliyovikwa chuma kigumu hadi nchani, ni ya nyati, kiboko na tembo, na ndiyo ya kwenye matete na vichaka, kwa sababu haipotezwi njia na kijiti na inafika kwenye mfupa ikiwa nzima. Masika angalia unyevu, kiangazi angalia joto. Upepo, umbali, mwinuko wa kilima, kila kitu kilikuwa na mstari wake. Mnyama ndiye hakuwemo. Nyati pekee niliyekuwa nimempiga hadi wakati huo alikuwa amechorwa kwenye karatasi na kubandikwa ubaoni.

Masika yangu ya kwanza, risasi za raifo zetu za 375 zilianza kuota kijani. Paa la stoo lilikuwa linavuja, na wenzangu hawakushtuka hata kidogo. Mimi nilishtuka kwa niaba ya idara nzima. Nilichukua risasi kumi za mgao wangu nikazisugua kwa jivu na limau, vile akina mama wanavyosugua sufuria za harusi, kisha nikazitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga nililolijaza mawese kutoka Karema. Mpanda mawese hayashindwi na kitu. Yanaunga mboga, yanapakwa ngozi ikipauka, yanalainisha bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli. Nikasema, kama yanazuia kutu kwenye baiskeli iliyobeba mkaa kutoka porini, yatashindwaje na risasi? Nikaziacha humo kwa wiki tatu. Nilipozitoa na kuzifuta zilikuwa zinang'aa kiasi kwamba nilimwita karani aje kuzitazama.

Sasa nimtaje mtu ambaye kisa hiki ni chake zaidi kuliko changu. Tulikuwa na askari wa wanyamapori mzee, Mkonongo kwa kabila, mwembamba, aliyeanza kazi kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Hakujua kusoma wala kuandika. Watoto wake watatu walikuwa bado shuleni, na mke wake alikuwa mgonjwa wa miguu, hasimami mpaka ashikwe mkono. Mshahara wa mzee ndio uliokuwa unawaweka wote mjini.

Ulikuwa wakati wa ridandansi. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na kila ofisi ilitakiwa kutoa jina. Siku moja mkuu wetu wa idara aliniita, akafunga mlango.

"Kijiji cha Mamba kuna nyati mkorofi, yuko mpungani," alisema. "Nenda na mzee. Ukirudi, uniandikie kama bado anafaa au tumpumzishe. Utakachoandika ndicho nitakachopeleka juu."

Nilitoka mle ndani nikitembea kama waziri. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: kabla hatujaondoka Mpanda nilikuwa nimeshaandika mwisho wa ripoti. "Askari ana uzoefu wa muda mrefu, ila mwendo wake umekuwa mzito na hana elimu ya silaha za kisasa. Napendekeza apumzishwe." Katikati nilibakiza nafasi ya kujaza nyati.

Landrova ya idara haikuwa na mafuta, kwa hiyo tuliomba lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga Majimoto. Tulikaa juu ya magunia matupu, raifo mapajani, na kuanzia mjini mpaka Kibaoni nilimfundisha mzee kuchagua risasi. Nilimweleza za laini, nikamweleza za ngumu, nikachora kwa kidole kwenye vumbi la bodi. Mzee alikuwa anamenya karanga.

"Ndiyo, afande," alikuwa anasema kila nilipopumua.

Tulipopita Kibaoni alikung'uta maganda ya karanga, akaniambia bila kunitazama, "Najua umetumwa kuniangalia, afande. Niangalie tu. Ila usinifanyie haraka."

Nilimjibu kwamba tathmini itafuata vigezo. Neno vigezo nililipenda sana miaka ile.

Mamba tulipokewa na mama mmoja mwenye shamba, mjane, ambaye majaruba yake ya mpunga yalipakana na matete. Mpunga ulikuwa umeiva, umeinama, umekuwa rangi ya majani makavu. Nyati dume mmoja, mzee aliyefukuzwa na kundi, alikuwa amehamia kwenye yale matete, mguu wake wa nyuma una jeraha la waya wa mtego. Alikuwa ameshawakimbiza watu wawili na kumvunja mmoja mbavu. Hakuna aliyethubutu kwenda kuvuna, na punje zilikuwa zimeanza kudondoka. Mama yule alitutazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Hawa ndio mabwana nyama wenyewe?" aliwauliza jirani zake. "Mmoja babu, mwingine mjukuu. Nyie, huko Mpanda watu wameisha?"

Jirani walicheka. Mimi nilifungua daftari.

Asubuhi iliyofuata umande ulikuwa mzito, suruali zililowa mpaka magotini kabla hatujamaliza tuta la kwanza. Mzee alishauri tusubiri jua lipande, majani yakauke, ili nyati akitembea tumsikie. Nikamwambia kwamba mnyama mkubwa anapigwa asubuhi, akiwa hajaingia kivulini, na kwamba jambo hilo lipo ukurasa wa themanini na kitu. Kisha nikachagua. Nilisimama juu ya tuta mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti kwamba kwa matete, kwa unyevu na kwa nyati, jibu ni risasi ngumu, nikaziingiza moja moja kwenye raifo. Zilimetameta.

Mzee alisogeza pua.

"Afande, hizo risasi zinanukia mboga."

"Ni mawese. Yanazuia kutu."

Mzee aliingiza mkono mfukoni. Kisha akatoa kifuko cha kitambaa kilichokuwa kimejaa pumba za mpunga, akaingiza vidole na kutoa risasi tano za kijani, chafu, za boksi lile lile nililopewa mimi. Baadaye nilijua kwamba masika yote alikuwa anakiweka kifuko hicho kwenye dari la jikoni kwake, juu ya moto, kisipate unyevu.

"Chukua hizi. Hazipendezi, ila zinalia."

Nilimwambia azirudishe. Nilimwambia, na mama mwenye shamba anasikia, kwamba hatuwezi kwenda kwa nyati na vitu vilivyooza. Wazee walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo niliifundishwa darasa la tatu nikaiandika kwa mwandiko mzuri, na nadhani ndiyo maana haikuniingia.

Tulifika kwenye matete, mimi mbele, mzee hatua tano nyuma upande wa kushoto. Nyati hakujificha wala hakutusumbua kumtafuta. Alitoka mwenyewe, umbali wa kama hatua thelathini, akasimama na kututazama, pua juu. Lazima niseme kwamba nililenga vizuri sana. Kila kitu kilikuwa kama kwenye mchoro. Nikavuta pumzi, nikaachia nusu, nikakamua triga.

Ta.

Sauti ndogo, ya mtu anayefunga kufuli la sanduku. Basi. Hakuna kilichofuata.

Daftari langu lilisema kwamba risasi isipolia usifungue bunduki haraka, kaa umeielekeza mbele, hesabu nusu dakika. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuhesabu. Nyati akainamisha kichwa na kuanza kuja. Nilifika mbili. Nikakoki, nikakamua ya pili, ta, na hapo elimu yote ikanitoka kwa mkupuo. Nilitupa bunduki ya serikali upande mmoja na mwili wangu upande mwingine, nikaangukia kwenye mfereji wa maji ya mpunga, uso chini. Bado nakumbuka ladha ya tope lile.

Nilisikia mlio mmoja, ardhi ikatetemeka, kisha mlio wa pili. Halafu kimya.

Nilipoinua kichwa, nyati alikuwa amelala karibu sana na pale nilipokuwa nimesimama. Mzee alikuwa mahali pale pale, hajarudi nyuma hata unyayo. Alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo. Na mimi, badala ya kusema asante, badala ya kumwita Mungu, niliuliza kutoka ndani ya mfereji:

"Ilikuwa laini au ngumu?"

Mzee alinitazama, nami nina majani ya mpunga masikioni.

"Sijui, afande. Ilikuwa kavu."

Watu wa Mamba walikuja na mapanga na mabeseni. Wengine walienda kwa nyati na wengine walikuja kunitazama mimi. Mama mwenye shamba alinivua shati na suruali bila kuuliza, kama anavyomvua mtoto aliyerudi na tope, akanifunga khanga mbili, akaenda kuzifua nguo zangu. Aliporudi kuzianika aliniambia nisione haya, hata marehemu mume wake aliwahi kuangukia mfereji ule, ila yeye alikuwa amelewa. Kabla ya saa sita wanawake kumi na zaidi walikuwa mpungani wanavuna na kuimba. Ndani ya wimbo kulikuwa na neno "mtaalamu", sikutaka kusikia lililofuata.

Mchana huo, nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, nimevaa khanga za mjane, nilifungua karatasi za ripoti. Kila nyati akiuawa tulitakiwa kuandika aliuawaje, kwa risasi ngapi, na mwenzako aliyekuwepo aweke sahihi au dole gumba. Niliitazama ile nafasi niliyoibakiza katikati. Hofu ilikuwa haijanitoka, lakini nilianza kupata hofu nyingine, ya ofisini. Kuharibu risasi za serikali kwa mafuta ya kupikia! Kutupa bunduki! Karani angenicheka mpaka nastaafu.

Nikaandika kwamba nililenga, nikapiga, nyati akaanguka, nikampiga ya pili. Askari alikuwa nyuma yangu kwa ajili ya msaada. Halafu mwisho ule niliouandika Mpanda ukafuata bila shida, mwendo mzito, hana elimu, apumzishwe. Vilishikana vizuri kabisa. Kama ningeandika kwamba mzee ndiye aliyepiga, ule mwisho ungekosa pa kusimama, na mimi niliupenda mwisho wangu. Ulikuwa na lugha nzuri.

Mzee alikuwa amekaa ananisafishia bunduki yangu. Nilimwita aje aweke dole. Utaratibu ulikuwa kwamba asiyejua kusoma asomewe kwanza, basi nikainua karatasi nimsomee. Nilifungua mdomo. Na hapo nikashindwa. Kumwandika uongo niliweza, ila kumtamkia usoni, akiwa ameshika bunduki yangu anaitoa tope, ulimi ulikataa. Basi nikasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Nikasoma, "Afisa alikamua mara mbili, risasi zikakataa. Askari akasimama imara, akapiga mbili, nyati akafa. Askari huyu anafaa sana." Sauti yangu ilikuwa nzito na nzuri. Ukinisikia ungesema ni taarifa ya habari ya redioni.

"Sawa, afande," mzee alisema, akanyoosha dole gumba.

Kidau cha wino tulikiacha Mpanda. Kijijini ukikosa wino unampaka mtu kalamu ya biki kwenye dole mpaka liwe bluu, kisha anagandamiza. Nikalishika dole lake, nikaanza kupaka. Lilikuwa kavu, lina ufa katikati, na kwenye ufa ule kulikuwa na weusi wa baruti wa asubuhi ile. Nililipaka polepole. Niliona ninamshika mkono mtu ili anisaidie kumwibia yeye mwenyewe. Nilipata aibu ambayo tope la mfereji halikunipa, aibu ya kweli. Nikamwambia biki imeisha, tutaweka kesho. Biki ilikuwa haijafika hata nusu.

Mambo ya ofisini nitayasema hapa, yaishe. Ripoti niliyopeleka mwishowe ilikuwa na mistari saba. Ilisema risasi zangu zilikataa kwa sababu nilizilaza kwenye mawese kwa wiki tatu mafuta yakapenya hadi kwenye baruti, kwamba niliitupa bunduki, kwamba askari aliua nyati kwa risasi zake mbili na kuniokoa, na kwamba kama kuna wa kupumzishwa katika safari ile si yeye. Mkuu aliisoma mara mbili. Mimi nilipata barua ya onyo na nikaondolewa kwenye silaha, nikapewa kazi ya kukagua vibali vya mbao kwa mwaka mzima. Mzee jina lake halikwenda juu. Alibaki kazini mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza shule. Karani aliniita Mawese mbele ya wageni, na mke niliyekuja kumwoa Mpanda alilijua jina hilo kabla hajajua la kwetu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya kuondoka Mamba. Nilikuwa nimeamka mapema, nimeandika ile mistari saba, nimeichana ripoti ya kwanza na kuitia motoni chini ya chungu cha maji ya kuoga. Nguo zangu zilikuwa zimekauka. Nikamwita mzee tena, nikamsomea, safari hii nikifuata neno kwa neno kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii fupi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Fupi."

"Ya jana ilijaa karatasi nzima. Ila jana macho yako hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa kwangu."

Nilitoa biki, mzee akaniletea dole lake, bado lina bluu ya jana. Niliona nisipouliza wakati ule sitauliza tena.

"Na ungeweka? Ile ya jana?"

"Ningeweka," alisema, kwa upole, kama mtu anayenieleza njia ya kwenda kisimani. "Mkubwa akisema weka, unaweka. Mimi nimeshaweka nyingi, afande."

Akagandamiza dole kwenye karatasi, akaliinua, akainama kutazama alama aliyoiacha, halafu akaniuliza kama imetoka vizuri.